Meno Mapya ya Mzee

Jumatatu, 4 Machi

Cheni imechomoka tena. Mbele ya zahanati, palepale akina mama wanapopanga foleni na watoto wao. Nikachuchumaa kuirudisha kwa kijiti. Watoto waliokuwa wanalia wakanyamaza wote kuniangalia. Muuguzi akatoka nje kunishukuru. Sikuona cha kuchekesha.

Mikate ilifika bondeni imechelewa. Mwenye duka la mwisho akaibonyeza mmoja mmoja kama daktari, akasema pole, kana kwamba nimefiwa.

Hii si wiki ya kuchelewa! Jumapili, baada ya chakula cha mchana, baba mkwe atatangaza nani anachukua njia ya mlimani. Tanuri la mikate ni lake. Miaka yote njia hiyo aliiendesha mwenyewe: shule ya bweni, hospitali ndogo, maduka ya huko juu yenye vivuli na watu wenye adabu. Sasa magoti yamegoma. Wakwe wa kuchagua tuko wawili: mimi na mwanyumba wangu, yaani mume wa dada yake mke wangu. Mimi napeleka mikate bondeni, kwenye vumbi na mbwa. Mwanyumba anapeleka mjini, kwenye lami. Ana pikipiki mpya na tabasamu la meno yote thelathini na mawili.

Njia ya mlimani lazima iwe yangu. Nimeitamani tangu nilipooa. Pengine hata kabla.

Jioni nikampeleka Mzee kwa fundi. Mzee ni pikipiki yangu ndogo. Asubuhi anakohoa kwanza ndipo aongee, na akikaa juani anasinzia. Mke wangu halipendi jina hilo. Anasema kwao Mzee ni mmoja tu, naye ni baba yake.

Fundi tunamwita Fundi Baadaye, kwa sababu ya jibu lake la kila swali. Akamwinua Mzee kwenye stendi, akazungusha tairi la nyuma, akapiga mluzi wa mtu aliyeona ajali. Cheni imelegea. Sproketi nazo zimekwisha, yaani yale magurudumu mawili ya meno yanayovuta cheni, dogo mbele na kubwa nyuma. Meno yamechongoka kama misumari. Akasema vyote vitatu vinabadilishwa pamoja, la sivyo kikuukuu kitakula kipya. Nikamuuliza kama haiwezekani kubadilisha cheni tu. Akasema baadaye nitarudi nikilia. Nikamuuliza kama haiwezekani kuigeuza sproketi ya nyuma, itumike upande wa pili. Akaenda kunawa mikono.

Jumanne, 5 Machi

Leo nimekwenda kuchagua meno.

Sikujua kuna kuchagua. Nilidhani unasema sproketi, unapewa sproketi. Muuza spea ni mama mwenye miwani miwili, mmoja uko kichwani na mwingine anautafuta. Akauliza mbele nataka meno mangapi. Nikasema yote. Akaniangalia. Akasema mbele zipo za kumi na tatu, kumi na nne, kumi na tano na kumi na sita. Nyuma zinaanzia thelathini na sita mpaka arobaini na tano. Akazipanga zote kaunta kama sahani za wageni. Nilijisikia mtu mkubwa.

Mzee alitoka kiwandani na kumi na nne mbele, arobaini na mbili nyuma. Fundi alishauri nirudishe hizohizo. Au kama nautaka mlima, mbele niache na nyuma niongeze, arobaini na tano. Mke wangu naye alisema vilevile asubuhi, bila kuinua kichwa, akipanga mikate kaunta ya tanuri. Alisema ukiongeza meno mbele umenunua mbio, ukiongeza nyuma umenunua nguvu, na mlima hauna haja na mbio za mtu. Aliyasikia kwa baba yake, aliyemfundisha kuendesha pikipiki wakati mimi baiskeli bado inanishinda. Namheshimu sana mke wangu. Lakini haoni mbali.

Mimi nimefikiri hivi. Baba mkwe anataka mkate ufike ukiwa moto. Moto ni mbio. Mwanyumba ana mbio. Kwa hiyo mimi nahitaji mbio kuliko Mwanyumba. Mbele kumi na sita! Nyuma thelathini na sita! Muuza spea akauliza mara mbili kama ninakoishi ni tambarare. Nikamjibu kwa sasa.

Kuhusu ushauri wa fundi, nina habari kwamba Mwanyumba naye pikipiki yake hutengenezwa na fundi huyohuyo. Sisemi zaidi.

Cheni nikachagua ndefu kuliko zote zilizoning'inia. Pingili mia na ishirini. Kwa nini nibebe fupi?

Halafu kuna jambo dogo. Nikiwa palepale kaunta nilimwandikia fundi ujumbe, ajiandae. Niliandika hivi: "Mzee meno yamekwisha kabisa, hata aibu kutoka naye. Nimeamua Alhamisi yang'olewe yote awekewe mapya. Nitasimamia mwenyewe." Nikatuma. Nikatia simu mfukoni. Nikanywa soda.

Jioni hii ndiyo naangalia. Ujumbe haukwenda kwa fundi. Umekwenda kwenye kundi la familia ya mke wangu.

Baba mkwe amebakiwa na meno manne. Yanacheza. Wanawe wote wanajua, na hakuna hata mmoja anayethubutu kuyataja.

Ujumbe umesomwa na watu wote ila yeye. Hakuna aliyejibu.

Jumatano, 6 Machi

Mke wangu ameniamsha kwa kuniita jina langu kamili, pamoja na la babu. Akasema nirekebishe sasa hivi, kabla baba hajatafuta miwani yake. Niandike kwamba Mzee ni pikipiki, basi. Nikasema naandika. Na kweli nilikuwa naandika. Nilikuwa nimefika "Samahani" simu ilipoita.

Baba mkwe.

Nikasimama. Huwa nasimama nikiongea naye, hata kwa simu. Kwanza nilisikia anavyopumua tu. Kisha akasema ana watoto watano. Kwa miaka mingi wote wanamwona akilowesha mkate kwenye chai, mkate anaouoka kwa mikono yake kwa ajili ya watu wenye meno. Wanamsagia, wanamlainishia, halafu wanatazama pembeni. Hakuna aliyewahi kufungua kinywa. Leo mkwe wake ndiye amesema, tena mbele ya kadamnasi.

Nikadhani sasa ndipo ninapofukuzwa.

Akasema Alhamisi ni karibu mno, daktari ana nafasi Ijumaa. Gharama ni zake, nisijisumbue. Anachotaka ni mtu wa kumshika mkono, maana ile sindano anaiogopa tangu utoto, na mimi nimeandika kuwa nitasimamia mwenyewe. Hapo nikamsikia akipenga kamasi. Akakohoa. Akasema mtu wa namna hii ndiye wa kukabidhiwa njia ngumu.

Njia ngumu! Ipi nyingine? Mlima!

Nikasema ndiyo, baba. Nikafuta "Samahani".

Mama mkwe akampokonya simu akapiga kigelegele. Kimoja, kirefu. Sikio langu la kushoto bado linavuma. Mama huyu amemtwangia mumewe nyama kwenye kinu mpaka mchi umepinda.

Mke wangu akauliza nimesemaje. Nikamwambia mambo yamekaa vizuri. Akasema huo ni uongo, na anayedanganywa ni baba yake, na baba yake amelia. Akanipa mpaka Jumapili. Niseme mwenyewe kabla ya tangazo, la sivyo atasema yeye, mezani, mbele ya wote. Nikamweleza kwa utaratibu kwamba uongo ni kusema jambo. Mimi sijasema jambo. Nimesema ndiyo, baba. Akanipa mgongo.

Mchana Mwanyumba akaandika kwenye kundi. Swali tu, akasema. Mzee yupi? Na kikatuni cha uso unaocheka. Mtu mbaya sana huyu! Aliwahi kunikuta gereji nikimbembeleza Mzee awake. Anajua kila kitu. Nikajikaza kisabuni, nikajibu kwamba katika familia hii mimi namfahamu Mzee mmoja tu. Mashemeji wote wakanipigia makofi. Mwanyumba akaweka dole gumba.

Nilikula sahani mbili.

Alhamisi, 7 Machi

Mikate nimeimaliza mapema, nikaenda gereji. Fundi Baadaye akazilaza sproketi zangu sakafuni, akazizunguka. Akauliza kama nina ugomvi na Mzee. Akaanza kunieleza habari za mlima. Nikamwambia afunge. Akasema haya. Akazing'oa zile za zamani akazitupa kwenye ndoo ya vyuma, akafunga mpya.

Cheni ikawa ndefu mno. Akachukua chombo cha kutolea pingili. Nikamshika mkono. Nimeinunua nzima, nitaitumia nzima! Akavuta tairi la nyuma mpaka mwisho wa nafasi yake. Bado cheni ikaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo. Akasema baadaye itachomoka. Nikasema baadaye ni baadaye.

Majaribio nikayafanya kwenye lami. Ee! Mzee alipaa! Gia ya nne nilikuwa nayo siku zote lakini sijawahi kujua kazi yake. Macho yalinitoka machozi kwa upepo. Barabara ya sokoni nikamkuta Mwanyumba na kreti zake. Nikampita! Nikampigia honi. Kofia ikanitoka, ikabaki kwake.

Kasoro ni ndogo. Kuanza mwendo ni kuzito. Inabidi nisukume kwa miguu kama mtoto anayejifunza baiskeli. Na cheni inapiga pa, pa, pa kwenye kifuniko chake. Hayo ni mambo ya kuzoeana. Mlima sikuujaribu. Mlima upo tu, hauhami.

Jioni Mwanyumba akaja kurudisha kofia. Alimpa mke wangu, si mimi. Akauliza kwa upole mkubwa kama meno ya Mzee yamekaa vizuri. Mke wangu akanitazama. Nikasema nina usingizi.

Ijumaa, 8 Machi

Naandika polepole. Vidole vya mkono wa kulia vimevimba.

Daktari wa meno yupo palepale zahanati ya bondeni. Baba mkwe aliteremka mapema kwa kazi ya tanuri, kisha akaja amevaa koti lake la kitambaa kizito, lile la shughuli. Amechana nywele. Akakaa kwenye kiti kile kinacholala, akanyoosha mkono pembeni bila kugeuka, akanitafuta kwa vidole. Nikampa mkono. Wake ni mkubwa, una makovu ya moto wa tanuri, na ulinibana vidole mpaka vikalia.

Hapo nilitaka kusema kweli. Wallahi nilitaka. Nilimhurumia, nikamwonea fahari, nikajionea aibu, vyote kwa pamoja. Nikafungua mdomo. Daktari akaniambia wa kufungua mdomo ni mgonjwa.

Jino la kwanza nililiona likitoka. La pili silikumbuki. Nilijikuta nimelazwa kwenye benchi la nje, ananipepea muuguzi, yuleyule wa Jumatatu. Akanishukuru tena.

Baba mkwe akatoka kwa miguu yake mwenyewe. Pamba mdomoni, mashavu yamejaa, macho yanang'aa. Daktari amemkataza kuongea kwa leo. Ufizi ukipona atarudi apimwe meno mapya. Akanipiga bega. Akaonyesha pikipiki kwa kidole, kisha akaonyesha mlimani. Nyumba yake iko juu kabisa, nyuma ya shule ya bweni.

Nikasema baba, labda nitafute gari. Akatikisa kichwa, akapanda nyuma yangu. Nikamwona kwenye kioo. Alikuwa amekaa wima kama bwana harusi.

Tambarare tulikwenda kama upepo. Kona ya kwanza ya mlima Mzee akakohoa. Gia ya pili. Gia ya kwanza. Chini ya hapo hakuna gia nyingine, niliitafuta. Mama mmoja mwenye ndoo ya maji kichwani akatupita. Akasalimia, akangoja tujibu, akaendelea. Mzee akatetemeka mwili mzima, akazima. Nikamwasha. Tukasogea urefu wa nyumba moja. Pa! Cheni ikachomoka. Tukaanza kurudi kinyumenyume, taratibu, kwa heshima zote, mpaka tukaegemea ukingo.

Baba mkwe akashuka. Akavua koti, akalikunja, akaliweka kwenye majani. Akachuchumaa huku magoti yakilia. Akaweka kidole kwenye jino moja la sproketi ya nyuma, akaanza kuhesabu. Aliyahesabu yote. Akanigeukia, akanyoosha vidole kumi mara tatu, kisha sita. Akangoja niseme amehesabu vibaya. Nikatazama tairi. Akafumba macho.

Hapo ndipo simu yangu ilipoita. Ilikuwa mfukoni mwa shati, na mikono yangu yote grisi. Nikaibonyeza kwa kidevu. Ikafunguka kwa spika. Fundi Baadaye! Mlima mzima ukamsikia: "Anaendeleaje Mzee na yale meno? Nilikwambia hayamfai! Ukimpandisha mlimani utamuua! Ya zamani ninayo bado kwenye ndoo ya vyuma, sema nikurudishie!"

Baba mkwe akanyoosha kidole kwenye pikipiki. Kisha akajionyesha mwenyewe, kifuani. Kisha pikipiki tena. Akainua nyusi.

Nikasema ndiyo, baba. Ni maneno yaleyale ya Jumatano. Leo hayakufaa kitu.

Akakaa kwenye ukingo, akashika mashavu yake kwa mikono miwili, akainama. Mabega yakaanza kutikisika. Nikasimama hapo na cheni mkononi. Nimemliza baba wa watu mara mbili katika wiki moja.

Na nani akatokea? Mwanyumba, bila shaka. Mama mkwe alikuwa amemtuma aje kuangalia mbona tunachelewa. Akampakia baba, akanipungia. Pikipiki yake ikaupanda mlima kama ngazi. Mimi nikateremka na Mzee kwa miguu. Kuteremka anateremka vizuri sana.

Jumamosi, 9 Machi

Mke wangu haongei nami. Akiwa na la kusema analiambia sufuria. Asubuhi aliiambia sufuria kwamba kuna watu hawana haya. Mchana akaiambia kuwa mtu huyo bado hajapeleka mikate ya bondeni. Nikapeleka. Niliifunga cheni kwa waya, ikafika.

Nimekaa kutafuta njia ya kutokea. Kwanza nilifikiria kuisingizia simu. Haitoshi. Kisha nikapata nyingine safi kabisa: nilimaanisha wote wawili! Mzee wa nyumbani na Mzee wa gereji, meno kwa meno, upendo uleule. Nikaifanyia mazoezi mbele ya kioo, na mkono nikauweka kifuani. Ilinigusa mimi mwenyewe. Mke wangu akapita nyuma yangu na beseni. Akasema kesho niseme kweli au ninyamaze, na kama ni yeye wa kuchagua, ninyamaze.

Nikamuuliza kama baba yake amesema lolote. Akasema baba yake bado kinywa kinamuuma. Nikaona hapo pana nafuu.

Jioni nimekaa nje na Mzee. Naukumbuka ule mkono ukinitafuta hewani. Unaniuma kuliko njia ya mlimani. Lakini njia nayo inaniuma.

Jumapili, 10 Machi

Tulikuwa mezani wote. Baba mkwe akinywa supu kwa kijiko, mashavu yameingia ndani, hasemi. Mwanyumba amevaa shati jeupe. Mama mkwe, ambaye jicho lake la kulia limeingia ukungu na hakuna anayelitaja, alinimiminia mchuzi kwenye glasi. Nikanywa. Nilistahili.

Sahani zilipoanza kusogezwa mke wangu akanikanyaga. Nikasimama. Nikasema yote. Kwamba Mzee ni pikipiki. Kwamba ujumbe ulikuwa wa fundi, ukapotea. Kwamba nilinyamaza kwa tamaa ya njia ya mlimani, na kwamba pale kwa daktari nilitaka kukiri lakini nikazimia. Ilikuwa fupi kuliko nilivyoogopa. Nilijisikia mwepesi. Kwa wepesi huo nikaongeza kwamba hata hivyo matokeo si mabaya, na kama kuna mwenye kutaka kunishukuru, sina kinyongo. Mke wangu akanivuta shati nikakaa.

Baba mkwe akaweka kijiko. Akashika mashavu. Mabega yakaanza kutikisika kama juzi.

Kicheko! Alikuwa anacheka! Tangu Ijumaa kule ukingoni alikuwa anacheka, na kinywa kinamuuma! Akafuta machozi. Akasema, maneno yakimtoka na hewa nyingi, kwamba miaka yote amengoja mtu wa kumwambia kuhusu meno yake, na aliyekuja kumwambia alikuwa anaongea na pikipiki. Lakini hajutii. Mkono alishikwa kweli, hata kama mwenye kuushika alianguka kwenye jino la pili. Mama mkwe akapiga kigelegele, sijui ni cha kitu gani. Nami nikacheka, na machozi yakanitoka kidogo. Ilikuwa pilipili.

Kisha baba mkwe akanyoosha mgongo. Njia ya mlimani. Mwanyumba akanyoosha kola.

Akasema juzi amehesabu meno ya sproketi hadi kichwa kikamuuma, kwa hiyo kabla ya kutoa njia atauliza swali moja. Ukitaka kupanda mlima na mzigo, meno unaongeza wapi? Mwanyumba hakungoja swali liishe. Mbele, akasema, meno nje. Mwanyumba! Pikipiki yake alifungiwa dukani, hajawahi kuchagua hata nati! Nilimpenda kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Baba mkwe akanigeukia mimi. Nikasema inategemea.

Mke wangu alikuwa anakusanya sahani. Hakuinua kichwa. Nyuma, akasema.

Baba yake akamgeukia. Akasema wakati wote alikuwa anatafuta mkwe, wala hakujua kwa nini anatafuta mkwe.

Njia ya mlimani ni ya mke wangu.

Jumatano, 13 Machi

Mambo yametulia, nami nimeyatazama vizuri. Njia ya mlimani imekuja nyumbani kwangu. Mwanyumba ameikosa. Ukiyaweka hivyo, nani ameshinda? Nimemwambia mke wangu. Alikuwa anavaa kofia ya pikipiki, labda hakusikia.

Fundi amefunga kumi na nne mbele, arobaini na tano nyuma. Cheni imepunguzwa pingili, haining'inii hata upana wa kidole. Nilizidai pingili zangu zilizotolewa, nikapewa. Mke wangu anapanda mlima kama anaitwa. Shule ya bweni wamesema hawajala mkate wa moto hivi tangu baba yake akiwa kijana. Jioni anapeleka mikate ya bondeni kwa saa yake pia. Mimi nakaa kaunta. Kuna kivuli.

Sproketi zangu za kumi na sita na thelathini na sita nimezitunza. Zimetumika siku chache tu. Mwanyumba ameziulizia. Nimemwambia kwa siri kwamba ndizo zilizompita barabara ya sokoni. Anazitaka. Nimeamua kujivuta kidogo kwanza, asidhani nina haraka.

Jambo moja nimelishughulikia kikamilifu, nalo ni jina. Mke wangu amesema pikipiki haiitwi Mzee tena, matata yote yalitokea hapo. Nimekubali. Nimetafuta jina ambalo halimkosei heshima mtu yeyote. Kwa kuwa sasa anaiendesha yeye, na kwa heshima yake, nimeiita Mama.

Leo amerudi na taa ya mbele imekufa. Nikasema hilo niachie mimi. Nimemwandikia fundi palepale, nisije nikasahau: "Mama jicho limekufa kabisa, jioni anapapasa njia. Kesho litolewe awekewe jipya. Nitasimamia mwenyewe." Nimetuma. Nimetia simu mfukoni. Nimefungua soda.

Simu inaita. Ni mama mkwe.

Nimesimama.